Koo (kuku mama) kulea vifaranga humo humo ndani ya kundi: mwaka huu sikumtenga, haya ndiyo yaliyonikuta

MamaTenga (mwanzisha uzi), 2 Juni

Habari za jioni wafugaji wenzangu. Uzi huu ni mrefu, mwenye ugali jikoni akaepue kwanza.

Nafuga kuku wa kienyeji nje kidogo ya mji wa Mpwapwa. Si wengi: matetea 14, jogoo mmoja mwenye damu ya kuchi (kuku wa asili wenye miili mikubwa), na vijana wachache wanaosubiri sikukuu. Mwaka jana nilifuata ule ushauri wa kila mtu, kwamba koo akishaangua umtenge na wenzake. Nikamjengea kibanda cha mabanzi upande wa pili wa ua, akakaa huko na watoto 11 kwa miezi miwili na siku kadhaa. Watoto walinawiri, sina la kusema. Siku ya kuwarudisha bandani ndipo nilipojua nilichokuwa nafanya.

Yule koo kabla ya kuatamia alikuwa mbabe wa banda, wa kwanza kwenye sahani ya pumba. Aliporudi, nafasi yake ilishachukuliwa zamani. Matetea wawili walimshukia mpaka kilemba kikachuruzika damu, na watoto wake wakawa wanafukuzwa kama paka mwizi. Wawili niliwakuta asubuhi kwenye kona, wamedonolewa utosini, wamekufa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunajua sote. Ila hawa hawakuwa wageni. Mimi ndiye niliyewafanya wageni.

Mwaka huu nikasema liwalo na liwe, atalelea humo humo.

Koo wa safari hii ni kishingo (shingo haina manyoya), mwili mdogo, roho mbaya. Nyumbani tunamwita Bi Kero. Alianza kuatamia tarehe 5 Mei kwenye kiota kile kile wanachotagia wenzake, juu, usawa wa kiuno changu. Nilimwekea mayai 12, kila yai nikalizungushia mstari wa penseli. Mstari huo ndio ulioniokoa, maana wenzake waliendelea kumtagia humo humo kila siku. Jioni napitisha mkono chini ya tumbo lake, lisilo na mstari linatoka. Alinidonoa hadi nikaanza kuvaa soksi mkononi.

Siku ya nane nikapata funzo. Koo hushuka mara moja kwa siku, anakula, anakunywa, anajigaragaza vumbini, anaacha kile kinyesi kikubwa chenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa. Kama nusu saa hivi, halafu anarudi. Siku hiyo aliposhuka, tetea mwingine akapanda kiotani kwake kutaga. Bi Kero kurudi akakuta kumekaliwa, akaingia kiota cha jirani, akaatamia yai moja la mtu mwingine kwa utulivu wote. Yule mtagaji akamaliza, akaondoka, mayai 12 yakabaki wazi. Sijui yalikaa muda gani, ila nilipoyagusa yalikuwa ya baridi.

Usiku ule ule nikamhamisha. Nasisitiza usiku, maana kuku gizani hana ubishi. Nikaweka kreti chini kwenye kona, mchanga, majani makavu juu yake, mayai, kisha Bi Kero. Nikazungushia kipande cha wavu wa kuku, hatua mbili kwa mbili, na maji na chakula chake ndani. Hapo wenzake wanamwona, naye anawaona na kuwatukana, lakini hakuna anayeingia. Mwaka jana ulikuwepo ukuta mzima katikati. Naona tofauti yote iko hapo.

Tarehe 26 akaangua 9. Viza wawili, mmoja alifia ndani ya ganda. Wavu sikuutoa mpaka siku ya nne asubuhi.

Hiyo asubuhi nilikaa na kikombe changu cha chai juu ya ndoo, fimbo mkononi, moyo unadunda. Bi Kero akatoka amevimba, manyoya yote wima, mabawa yanaburuza chini, anaita ko-ko-ko, watoto wamemganda miguuni. Kuna tetea mmoja mweusi, ndiye mkubwa wa banda kwa sasa. Akasogea kuchungulia, akamdonoa kifaranga mmoja. Sikuwahi hata kunyanyuka. Bi Kero alimrukia usoni kwa miguu yote miwili, yakabaki manyoya hewani. Sekunde tatu, basi. Tangu saa hiyo hakuna aliyesogea karibu na wale watoto kwa makusudi. Jogoo ndiye alinichekesha: aliokota punje ya mtama, akaiangusha mbele ya vifaranga, akaita kama anavyowaita wake zake.

Leo ni siku ya saba, wote tisa wazima. Nakaribisha maswali na matusi.

SitiYaMbele, 2 Juni

Nimeweka kiti. Bi Kero apewe maua yake.

KapuLaMayai, 2 Juni

Dada, hadithi tamu, ila tuongee hesabu. Mimi nina matetea 40. Tetea wa kienyeji anataga siku 15 mpaka 20, anaatamia 21, ukimwachia watoto analea miezi miwili mpaka mitatu. Mzunguko mmoja unakula siku mia na ushee. Kwa mwaka unapata mizunguko mitatu, labda na robo. Mimi vifaranga nawatoa siku ile ile wanayokauka, nawapeleka kwenye kinengunengu (chumba cha kulelea vifaranga kwa joto), jiko la mkaa, chakula safi. Tetea anakasirika siku mbili, anasahau, wiki mbili tatu baadaye anataga tena. Napata mizunguko mitano. Tetea wako anayetembeza watoto uani ni mfanyakazi aliye likizo.

Halafu nawaanzisha kuatamia kwa pamoja, kumi kwa mpigo. Anayetangulia namwachia mayai mawili ya bandia mpaka wenzake wafike, ndipo wote nawawekea mayai mazuri usiku mmoja. Siku ya 21 nina vifaranga mia. Utawaleaje kwa Bi Kero?

MamaTenga, 3 Juni

KapuLaMayai, kwa matetea 40 hesabu yako sina pa kuipingia. Ila mimi nina koo mmoja na vifaranga 9. Niwashe mkaa mwezi mzima, huku nikiamka saa nane usiku kuangalia jiko, kwa vifaranga tisa? Wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Bi Kero analo bure kifuani, na hazimiki umeme ukikatika.

Na hao mia wako siku ya kuingia banda la wakubwa inakuwaje? Ukweli tu.

KapuLaMayai, 3 Juni

Ukweli, siwachanganyi. Wana banda lao mpaka wauzwe. Ninaobakiza kwa mbegu nawaingiza usiku wakiwa na miezi minne mitano, wengi kwa pamoja, na damu huwa haikosekani. Hapo umenishika.

MchangaMweupe, 3 Juni

Assalaam aleykum. Mie niko Pemba. Huku ya tetea kumdonoa kitoto si kitu, tatizo ni kunguru. Wanakuja wawili: mmoja anamchokoza koo kwa mbele, akimfuata tu, wa pili kashachukua chake nyuma. Nimepoteza vitoto sita kwa koo mmoja ndani ya wiki, na koo mwenyewe mkali kama huyo wako.

Nilichofanya ni kuomba nyavu mbovu za uvuvi kwa vijana wa bandarini, nikazitandaza juu ya uwa kwa kamba, urefu wa mtu kusimama. Kunguru hapendi kuingia pahala asipoona pa kutokea haraka. Koo na wenzake wote chini yake, hakuna aliyetengwa. Jirani yangu yeye anawapaka vitoto rangi ya zambarau ya ukili wa mikeka, anasema mwewe hawatambui. Sijui. Vitoto vyake vinaonekana vimetoka harusini, na koo wake hakuvikataa.

AfisaKata_mstaafu, 4 Juni

Mama Tenga, nakupongeza, lakini kuna mambo hukuyagusa, na ndiyo yanayoua zaidi ya tetea mweusi.

La kwanza kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo. Ukilea vifaranga ndani ya kundi, wanavuta hewa ile ile na wakubwa na kunywa maji yale yale. Kwa hiyo kundi lote liwe limechanjwa kabla koo hajaangua. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha inavumilia joto kuliko zile za zamani, ndiyo maana inafika vijijini. Ni tone moja kwenye jicho, tone hilo hilo kwa kifaranga na kwa jogoo, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Koo aliyechanjwa anawapitishia watoto kinga kidogo kupitia kiini cha yai, ila hiyo inaisha ndani ya wiki mbili tatu, usiitegemee. Kiangazi kikikolea huku kwetu Dodoma, kundi lisilochanjwa linafagiwa kwa siku tano.

La pili, kuhara damu. Hapa kulelea ndani ya kundi kuna faida watu hawaijui. Mayai ya vijidudu vya ugonjwa huo yako kwenye kinyesi cha wakubwa. Kifaranga akidonoa kidogo kidogo tangu siku za mwanzo, mwili unajifunza. Yule wa kwenye boksi safi akikutana navyo kwa wingi siku moja akiwa na wiki sita, ndiye anayeinama na kuhara damu. Lakini sharti ni KIDOGO. Vijidudu hivyo vinataka unyevu na joto, na ndani ya siku moja au mbili kinyesi kibichi kinakuwa sumu. Sakafu ikiwa tope, faida yote inageuka hasara. Maranda makavu, yageuze, na maji yasimwagike ovyo.

La tatu, chakula. Unawapa wakubwa chakula cha kuku wa mayai?

MamaTenga, 4 Juni

Shikamoo mzee. Nilikuwa nawapa, nikaacha Bi Kero alipoangua. Chakula cha watagaji kina chokaa nyingi, kwa sababu ya maganda ya mayai, na figo za kifaranga haziiwezi. Sasa banda zima linakula chakula cha kuku wanaokua, nikichanganya na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Chokaa na maganda ya konokono wa baharini nimeweka kwenye kopo lake pembeni. Anayetaga anajua kwenda mwenyewe, vifaranga hawalijali.

Ila vifaranga wana mlo wao mwingine. Nimechukua tenga, nikaligeuza kifudifudi, nikalinyanyua kwa matofali mpaka pakawa na nafasi ya vidole vinne kutoka chini. Chakula cha vifaranga kiko ndani. Wao wanapita, wakubwa wanaishia kuingiza vichwa na kulalamika. Bi Kero naye hulizunguka tenga hilo akifoka kama mama aliyenyimwa kuingia darasani kwa mwanawe. Ndilo lililonipa jina la humu.

Maji naweka kwenye kifuniko cha ndoo, kimejazwa vikokoto, maji yanaonekana katikati tu. Kifaranga anakunywa, hazami.

AfisaKata_mstaafu, 4 Juni

Marahaba. Hapo sina swali.

Kijana wa Sasso, 6 Juni

Wakuu mimi ninao kuku wa kisasa, Sasso sita na Kuroila wanne, mwaka wa pili huu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuatamia. Nawawekea mayai kiotani wanayaangalia tu. Kosa liko wapi?

KapuLaMayai, 6 Juni

Hakuna kosa mdogo wangu. Hao wamechaguliwa vizazi na vizazi kwa mayai na nyama, hamu ya kuatamia imewatoka. Tafuta tetea wa kienyeji mmoja tu, hata ching'wekwe mdogo, atawaangulia hao wote. Usimwekee mengi, mwili mdogo mayai nane yanamtosha. Likitokeza pembeni ya manyoya, hilo ni viza.

Shamba la Nyakach, 9 Juni

Salamu kutoka Kisumu. Niongeze kitu kuhusu vifaranga wa kununua, kwa sababu nimefanya mara mbili, moja ikafaulu na moja ikanitia aibu.

Ya kwanza: kuku wangu alikuwa amelalia mayai ya bandia siku 19. Nikaleta vifaranga wa siku moja, kumi. Saa tatu usiku, bila taa, nikatoa yai moja nikaingiza kifaranga, yai, kifaranga, hivyo hivyo hadi wakaisha. Aliguna kidogo tu. Asubuhi alikuwa mama, na siku ya tano alikuwa nao katikati ya kuku wengine 20.

Ya pili nikajiona fundi. Nikaleta vifaranga wa siku kumi, wa bei ya chini kwa sababu mwenyewe alikuwa anahama. Kuku aliwakubali usiku. Kulipokucha, WAO ndio walimkataa. Anaita, wanakimbia. Akaanza kuwapiga. Kifaranga huamua mama yake ni nani siku mbili tatu za mwanzo, baada ya hapo hata umpeleke kwa malkia haendi. Niliishia kuwalea jikoni kwenye sanduku, mama mkwe akiwa mgeni wangu.

MamaTenga, 9 Juni

Hapo pa mama mkwe nimekuonea huruma kuliko hapo pa kuku.

Bibi wa Kolandoto, 12 Juni

Wajukuu, hamjasema habari ya mkaa. Sisi tulikuwa tunaweka kipande cha mkaa na pilipili kavu kwenye kiota, radi isiue watoto kwenye mayai. Na majivu.

AfisaKata_mstaafu, 12 Juni

Bibi, radi tuiache. Lakini majivu weka kabisa, na majani ya mwarobaini makavu. Koo akikaa siku 21 pahala pamoja, utitiri na viroboto vinamla, na akizidiwa anaacha mayai. Mimi nimeona makoo wengi wakikimbia kiota kwa utitiri kuliko kwa radi.

Bibi wa Kolandoto, 12 Juni

Basi tuliweka vyote, ndiyo maana tulipata.

Mgeni_Ufugaji, 20 Juni

Nina makoo wawili wamepishana siku nne kuangua, nao wako banda moja. Wa kwanza anawaua watoto wa yule wa pili. Nifanyeje?

MamaTenga, 20 Juni

Weka wavu katikati leo leo, usisubiri kesho. Koo mwenye watoto anapambana na kila asiye wake, na watoto wa mwenzake si wake. Wakiangua siku moja unaweza kuwachanganya usiku wakalea kama mtu na shoga yake, nimeshaona. Wakipishana, kila mmoja na kona yake mpaka wadogo wafikishe wiki tatu na kujua kukimbia. Na banda lako lina ukubwa gani? Huenda shida ni nafasi. Kifaranga anayefukuzwa lazima awe na pa kwenda: kreti lililoinamishwa, ubao ulioegemea ukuta, chochote. Kwenye chumba kitupu chenye kona nne, kona ndiyo inayoua.

Mgeni_Ufugaji, 21 Juni

Hatua tatu kwa mbili. Kuku 19.

KapuLaMayai, 21 Juni

Hilo si banda, hiyo ni daladala.

MamaTenga, 18 Julai

Nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wengine faragha.

Watoto wako saba. Wawili nimewapoteza, na hakuna aliyeuawa na kuku mwenzake. Mmoja alizama, si kwenye kifuniko chenye kokoto, la. Alizama kwenye beseni langu la kufulia nililoliacha uani na maji ya sabuni. Wa pili alichukuliwa na mwewe wiki ya nne, mchana kweupe, nikiwa nimesimama hapo hapo naongea na simu. Bi Kero alishatoa ile sauti yake ya hatari, sita wakawa chini ya mbigili, wa saba chini yake mwenyewe. Aliyechukuliwa ndiye aliyekuwa mbali anashindania mdudu na kijana wa kuku mkubwa.

Wiki ya tano kukawa na kizaazaa ambacho hakuna aliyenionya. Bi Kero aliamua amechoka kulala chini. Jioni akaruka kwenye fito za juu na wenzake, watoto wakabaki chini wanalia banda zima. Juni na Julai huku upepo wa usiku unakata. Siku mbili nikawa nawapandisha mmoja mmoja kwa mkono. Siku ya tatu nikaegemeza ubao, nikapigilia vijiti kama ngazi. Walipanda wenyewe usiku wa kwanza, wakajipenyeza chini ya mbawa zake huku mikia imebaki nje.

Tarehe 13 Julai, wiki saba kasoro siku moja, aliwaacha. Hakuna sherehe. Asubuhi mmoja alimfuata kwenye pumba, mama akamdonoa kichwani, mtoto akashangaa, akarudi, akadonolewa tena. Mchana Bi Kero alikuwa na jogoo. Nilikaa tena juu ya ndoo na fimbo, maana mwaka jana damu ilimwagika hatua hii hii. Nilisubiri mpaka chai ikapoa. Tetea mweusi aliwafukuza kwenye sahani mara mbili tatu, wakapisha, wakasubiri, wakala baada yake. Walishajua nani anaanza. Wiki saba wamekuwa wakiangalia hilo banda kutokea chini ya tumbo la mama yao.

Chanjo wamepata, mzee wangu, tone la jicho, kundi zima siku moja.

AfisaKata_mstaafu, 18 Julai

Andika tarehe ukutani, ya pili ni Oktoba.

KapuLaMayai, 19 Julai

Na mfanyakazi wetu ametoka likizo? Anataga?

MamaTenga, 29 Julai

Ametaga leo asubuhi. Kwenye kile kiota cha juu, kile kile cha kugombania, na tetea mweusi amesimama mlangoni anasubiri zamu.